Maji Kiasi Gani Yabaki Mtoni kwa Ajili ya Samaki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Malagarasi, Luiche na Ugalla

Maswali haya nimeulizwa kwenye mikutano ya vijiji Uvinza na Kasulu, mialoni Ujiji, kwenye magenge ya wakulima wa mpunga, na na wanafunzi wa Tabora wanaoandika tasnifu zao. Nimepima maji ya mito hii ya Kigoma na Tabora kwa miaka mingi na ninaipenda. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

"Maji ya mazingira" ni nini hasa?

Ni maji yanayoachwa mtoni kwa makusudi, ili samaki, mimea ya kingo na watu wanaokaa chini ya banio (kizuizi cha kuchepusha maji ya mto) waendelee kuishi. Wengi hudhani ni yale yanayosalia baada ya kila mtu kuchukua chake. Yale ni makombo, na kiangazi kikikaza hata makombo hayapo. Maji ya mazingira hupimwa kwanza, yakaandikwa kwa tarakimu, ndipo vibali vya kutumia maji vikagawiwa kutoka kwenye kilichozidi.

Tarakimu yenyewe haiwi moja kwa mwaka mzima. Mto wa Oktoba si mto wa Aprili, na samaki anayejificha kilindini Oktoba, Aprili anatafuta pa kuzalia. Mtu akikuletea namba moja tu ya mwaka mzima, mwulize ya mwezi gani.

Nimesoma kwamba Marekani hupanga maji ya mito kwa kumwangalia samaki aitwaye trauti. Sisi tunaye?

Kigoma na Tabora hatuna. Trauti ni samaki wa maji baridi. Kwa asili, Afrika anapatikana milima ya Atlas tu, huko Moroko na Aljeria. Wale walio kwenye vijito vya Kilimanjaro na Meru waliletwa na Wazungu wakati wa ukoloni ili wapate kuvua kwa burudani.

Wenzetu wa Marekani wana sababu nzuri ya kumchagua trauti. Hutaga mayai ndani ya changarawe, na mayai hayo hukaa humo kwa wiki nyingi yakitegemea maji yapite katikati ya mawe na kuyapelekea hewa. Maji yakipungua, changarawe huachwa juu ikakauka. Kasi ikipungua, tope hutua na kuyaziba mayai. Jua likichoma maji machache, yanapata joto na trauti hufa. Kwa hiyo ukimtunza trauti wa asili kwenye kijito cha Montana au Colorado, umetunza karibu kila kitu kinachoishi humo.

Cha kuchukua kwao ni wazo lenyewe: chagua samaki wa asili anayeteseka mapema maji yakipungua, jua anahitaji kina gani, kasi gani na sakafu ya namna gani, kisha uulize mto unampa hayo ukiwa na lita ngapi kwa sekunde. Tarakimu za trauti ziacheni huko huko. Mito yao hujaa theluji ikiyeyuka, yetu hujaa mvua za Novemba hadi Aprili, na samaki wetu hawajui baridi.

Basi samaki wetu wa kuangaliwa ni yupi?

Hapa ndipo Kigoma ina utajiri ambao wengi wetu hatujui kuwa tunao.

Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hushuka hadi kwenye mabwawa ya Moyowosi, hukutana na Ugalla unaotoka upande wa Tabora, hupita Uvinza, kisha huingia Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma. Ni safari ya kilomita 475 hivi. Wataalamu wa miamba na wa samaki husema mto huu ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe: kabla bonde la ufa halijakatika na kujaa maji, ulitiririka kwenda Kongo. Ndiyo maana baadhi ya samaki wake wana ndugu ng'ambo, kwenye mito ya Kongo, huku ziwa likiwa limewatenganisha.

Katika mito yetu kuna kundi la samaki wadogo wanaoitwa kitaalamu Orthochromis. Ni jamaa wa mbali wa perege. Mwaka 1998 watafiti De Vos na Seegers walitangaza aina saba mpya kwa mpigo kutoka mabonde ya Malagarasi, Luiche na Rugufu. Majina yao ni ya nyumbani kabisa: Orthochromis uvinzae, Orthochromis kasuluensis, Orthochromis luichensis, Orthochromis rugufuensis. Watoto wa Kasulu wana samaki mwenye jina la mji wao na hakuna aliyewaambia shuleni.

Samaki hawa huishi kwenye maji ya mbio. Hukaa chini, juu ya mawe na katikati yake, pale wengine wanaposombwa. Jike huatamia mayai kinywani. Hawana thamani sokoni kwa sababu ni wadogo, lakini kwa kazi yetu ndio "trauti" wetu: maji yakipungua, mahali pa kwanza kukauka ni hapo hapo penye mawe na maji ya mbio. Kilindini bado utaona maji mengi na kusema mto mzima, kumbe nyumba ya Orthochromis imeshaanikwa juani.

Simwangalii huyo peke yake. Huwa naweka angalau watatu mezani: huyo wa mawe, samaki mkubwa zaidi anayepanda na kushuka mto, kwa sababu anahitaji kina cha kupita, na perege wa Malagarasi, Oreochromis malagarasi, aliyepewa jina la mto wenyewe. Wa mawe anadai kasi, wa kupanda anadai kina, perege anadai maji yatulie. Kiasi kinachokubaliwa lazima kiwatosheleze wote watatu.

Mbona kambare wamejaa kwenye vidimbwi hata Oktoba? Hiyo si dalili kwamba mto uko salama?

Hapana, na swali hili nalipenda kwa sababu limewapotosha hata watu wenye shahada. Kambare hupumua hewa ya juu maji yakiishiwa oksijeni. Kamongo hawezi kuishi bila kuja juu kuvuta hewa. Wamezoea matope. Ukiwakuta hao tu kwenye kidimbwi, umewakuta waliobaki. Waulize wazee wa eneo ni samaki gani walikuwa wanavuliwa hapo zamani, halafu uhesabu wangapi bado wapo.

Kiasi chenyewe kinapatikanaje? Mnakisia?

Zipo njia za haraka na njia za taabu.

Ya haraka kuliko zote ni ya asilimia. Mwaka 1976 Mmarekani Tennant alichapisha jedwali lililotokana na vipimo vya mito 11 ya Montana, Wyoming na Nebraska. Alisema asilimia 10 ya wastani wa mtiririko wa mwaka humfanya samaki aponee chupuchupu kwa muda mfupi, karibu asilimia 30 humpa makazi ya kuridhisha, na asilimia 60 humpa makazi bora sana. Ni rahisi: ukiwa na rekodi za miaka kadhaa unamaliza kazi ofisini. Ndiyo maana ile "asilimia 10" imeenea duniani kama kanuni ya dini, na nimeikuta kwenye ripoti ya mradi mmoja huku kwetu bila mtu yeyote kuingia mtoni.

Tuijaribu. Tuseme kijito kina wastani wa mita za ujazo 2 kwa sekunde kwa mwaka, yaani lita 2,000. Asilimia 10 ni lita 200. Sasa shuka hadi kivukoni, pale watu wanapovuka kwa miguu, maji ni mapana na ya mbio. Upana ni mita 8, na maji yakiwa machache kasi yake ni kama mita 0.3 kwa sekunde. Gawanya: 0.2 kwa 8 mara 0.3. Unapata kina cha sentimita 8 hivi. Samaki mwenye kimo cha sentimita 10 kutoka tumbo hadi mgongo atapita kwa kulala ubavu, na ndege wanamsubiri. Ukiweka asilimia 30, yaani lita 600, kasi ikapanda hadi mita 0.5, kina kinafika sentimita 15. Sasa anapita. Kijito kingine chembamba, chenye kingo zilizosimama, lita zile zile 200 zingempitisha bila shida. Umbo la mto lina sauti kubwa kuliko asilimia.

Kwa hiyo njia ya pili ni kupima vivuko vyenyewe. Unachagua vivuko vitatu au vinne vilivyo vipana na vyenye maji machache kuliko vingine, unavuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, unapima kina kila nusu mita, na unaangalia ni sehemu gani ya sakafu ya mto imelowa. Unarudi mara kadhaa mto ukishuka, tangu Mei hadi Oktoba. Ukichora matokeo utaona jambo la ajabu kidogo: maji yanapopungua mwanzoni, sakafu hubaki imelowa karibu yote, kina tu ndicho kinachopungua. Halafu panafika mahali mchoro unavunjika. Ukipungua kidogo tu kutoka hapo, mawe ya pembeni yanaachwa wazi kwa haraka. Kiasi cha maji kilicho kwenye ule mvunjiko ndicho unachokipigania. Chini yake kila lita unayoiondoa inaua eneo kubwa.

Jimbo la Colorado, ambalo limekuwa likilinda maji ya ndani ya mito kisheria tangu 1973, hutumia mtindo wa namna hiyo kwa vijito vyake vya trauti: kina kisipungue kiwango fulani, kasi ya wastani iwe kama sentimita 30 kwa sekunde, na kwa vijito vidogo angalau nusu ya sakafu ibaki imelowa. Vigezo vinahitaji kurekebishwa kwa samaki wetu, lakini mpangilio wa kazi unafaa kabisa, na gharama yake ni kamba, fimbo yenye alama, saa na magoti yasiyoogopa maji.

Njia ya tatu huunganisha vipimo hivyo na programu ya kompyuta inayokokotoa, kwa kila kiwango cha mtiririko, ni mita ngapi za mraba zinamfaa samaki fulani kwa kina, kasi na aina ya sakafu. Inahitaji kwanza kujua samaki anapenda nini, na hapo ndipo tunapokwama. Kwa trauti kazi hiyo ilishafanywa kwa miongo. Kwa Orthochromis inabidi mtu aingie mtoni na miwani ya maji, ahesabu samaki, apime kina na kasi pale pale alipomkuta. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mada ndiyo hiyo.

Ya nne ninaipenda kuliko zote kwa sababu imezaliwa Afrika. Watafiti wa Afrika Kusini waliijenga kwa mfano wa matofali. Wanakaa pamoja mtaalamu wa samaki, wa mimea, wa udongo wa mto, wa maji, na anayejua maisha ya watu wa kingoni. Kila mmoja analeta tofali lake: haya ni maji ya kiangazi, hii ni mvua ndogo ya kwanza inayowaamsha samaki, haya ni mafuriko ya kusafisha changarawe. Ukiyapanga matofali unapata mwaka mzima wa mto. Tofali la mvuvi mzee haliwi dogo kuliko la profesa.

Mafuriko nayo yanahesabiwa? Si ni hasara tu?

Yanahesabiwa, na mara nyingi ndiyo yanayosahaulika.

Mabwawa ya Moyowosi na maziwa ya Nyamagoma na Sagara hushika maji ya masika na kuyaachia taratibu. Eneo la Malagarasi na Muyovozi (ndiyo Moyowosi hiyo hiyo) ndilo la kwanza Tanzania kuorodheshwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, na lina kilomita za mraba 32,500 hivi. Maji yakitapakaa kwenye nyasi, samaki huingia humo kuzaa. Vifaranga hupata chakula na pa kujificha. Mto usipofurika, hata kama kiangazi una maji ya kutosha, utakuwa na nyumba isiyo na watoto. Mafuriko pia huondoa tope kwenye mawe. Tennant mwenyewe aliweka msukumo wa asilimia 200 ya wastani kwa ajili ya kusafisha.

Mama mmoja wa Uvinza alinikatisha kwenye mkutano: "Mwanangu, wewe unayasifu mafuriko, mimi yamenibebea mahindi." Ana haki. Ninachosema ni kwamba mashamba na nyumba zisijengwe kwenye njia ya maji, na hapo ndipo sheria ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inamlinda yeye kabla ya kumlinda samaki.

Ugalla hukatika kila kiangazi hata bila mkulima. Mto unaokauka wenyewe unahitaji maji ya nini?

Ndugu zetu wa Kaliua na Urambo huuliza hili. Ni kweli, Ugalla kwa sehemu kubwa hubaki vidimbwi kiangazi, viboko na mamba wakiwa wamebanana humo. Samaki wa Ugalla wameshazoea mwendo huo kwa maelfu ya miaka.

Kwa mto kama huu, swali linageuka. Badala ya lita ngapi kwa sekunde, unauliza: vidimbwi vipi havikauki kamwe, vina kina gani Oktoba, mto hukatika wiki ngapi, na huunganika tena lini mvua zikianza? Kidimbwi kimoja kisichokauka ni ghala la mbegu ya samaki kwa kilomita nyingi. Pampu moja ya bustani ya tumbaku ikiwekwa kwenye kidimbwi hicho mwezi Septemba hufanya madhara ambayo pampu kumi zisingefanya Machi. Mto ukikatika wiki nane badala ya nne, hilo si jambo la kawaida tena, hata kama kukatika kwenyewe ni kwa kawaida.

Mimi ni mkulima wa mpunga bonde la Luiche. Mnataka niache kulima ili samaki wasioliwa wapone?

La hasha, kaka. Mimi mwenyewe nakula wali.

Tupige hesabu pamoja. Hekta moja ya mpunga hutaka kama lita 1 hadi 2 kwa sekunde. Skimu ya hekta 100 hutaka lita 100 hadi 200. Kwenye mto unaobeba lita 2,000 hilo ni dogo. Kwenye mto huo huo ukiwa na lita 300 mwishoni mwa Septemba, umekwisha. Kwa hiyo ugomvi haupo kwenye mpunga wa masika, ambao maji yake yapo. Upo kwenye zao la pili la kiangazi na kwenye mifereji inayovuja.

Nimeona mifereji ya udongo inayopoteza maji mengi kabla hayajafika shambani, na banio lisilo na lango la kufunga usiku. Mkulima amelala, maji yanamwagika kwenye nyasi, mto chini umekauka. Kuweka lango, kuziba mfereji, kumwagilia kwa zamu na kurudisha maji ya ziada mtoni kunaweza kumpa samaki sehemu yake bila kukupunguzia gunia hata moja. Hayo yanafanywa na jumuiya ya watumia maji, na jumuiya ikiwa legelege hakuna mtaalamu atakayeinusuru.

Jambo jingine ni hili: bandu bandu huisha gogo. Kila mwenye pampu husema yake ni ndogo. Kibali kimoja cha lita 20 hakiui mto. Vibali 15 vya lita 20, pamoja na pampu zisizo na kibali, vinaua. Ndiyo maana lazima kuwe na jumla isiyovukwa, na jumla hiyo haiwezi kujulikana mpaka maji ya mazingira yawe yamepigiwa hesabu kwanza.

Sheria inasemaje?

Iko upande wetu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, na shughuli nyingine zinafuata nyuma. Anayesimamia huku ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao Kigoma. Hilo ni moja ya mabonde tisa ya nchi. Kilichobaki ni kujaza tarakimu mto kwa mto.

Umeme wa Malagarasi utaua samaki?

Kigoma tumekaa miaka mingi tukitegemea majenereta ya dizeli, kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akiwabeza wanaotaka umeme wa maji. Mradi wa megawati 49.5 kwenye maporomoko ya Igamba, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo mwaka 2020, ni wa kutumia maji yanayopita bila bwawa kubwa la kuyahifadhi.

Ikumbukwe pia kwamba kabla ya hapo, Wamarekani kupitia mfuko wao wa Changamoto za Milenia walipanga kugharimia umeme eneo hilo hilo. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe adimu kwenye maporomoko, mpango ukasitishwa, na fedha zikaelekezwa kwenye umeme wa jua mkoani. Maporomoko ndiyo nyumba ya samaki wa mawe, haishangazi.

Katika mradi wa namna hii, pa kuangaliwa ni pawili. Kwanza ni kipande cha mto kati ya banio na nyumba ya mitambo, ambacho maji yake yamechepushwa bombani. Hapo ndipo mkataba lazima useme lita ngapi zinaachwa kila siku, na pawe na kipimo ambacho mwanakijiji anaweza kukisoma. Pili ni chini ya mitambo: mitambo ikiwashwa na kuzimwa ghafla kufuata mahitaji ya umeme, maji hupanda na kushuka kwa saa chache, na samaki wadogo huachwa juu ya mawe kabla hawajajua kilichotokea. Dawa yake ni kuzima polepole.

Kuna mfano wa Tanzania ambapo maji ya mazingira yalisahaulika?

Upo, na unauma. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka kwenye korongo yalichepushwa. Chini ya maporomoko hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwa mahali pengine popote duniani. Aliishi kwa ule ukungu wa maporomoko. Ukungu ukapotea. Zikawekwa bomba za kunyunyiza maji, lakini chura hao waliporomoka, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliopona ni wale waliokuwa wamepelekwa kufugwa Marekani, na mwaka 2012 Tanzania ilianza kuwarudisha. Alitambuliwa na sayansi ujenzi ukiwa tayari unaendelea. Nikifikiria Orthochromis wa Uvinza, waliojulikana 1998 wakati mto wao bado ni mzima, naona tumepewa muda ambao Kihansi haikuupata.

Samaki wanaisha kwa sababu ya kokoro na sumu. Kwa nini mnalaumu maji?

Kokoro, yaani wavu wa kukokota, na utupa, ile sumu ya mmea, vinaua, sina ubishi. Lakini hufanya kazi vizuri zaidi mto ukiwa umepungua na samaki wamebanana kidimbwini. Ni mambo mawili yanayosaidiana.

Ninaweza kupima mwenyewe bila mashine?

Unaweza, na vipimo vya wanakijiji vilivyoandikwa kila wiki kwa miaka mitatu vina thamani kuliko vya mgeni aliyekuja na mashine siku mbili.

Tafuta kipande cha mto kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa. Pima mita 10 kwenye ukingo, chomeka vijiti viwili. Pima upana. Pima kina sehemu tano au sita kutoka ukingo hadi ukingo, kisha tafuta wastani. Tupa chungwa bichi majini, kabla kidogo halijafika kijiti cha kwanza. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama kiasi na halisukumwi na upepo kama jani. Hesabu sekunde hadi kijiti cha pili. Rudia mara tano.

Mfano: upana mita 6, kina mita 0.4, chungwa limetumia sekunde 20. Kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini hutembea polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate 0.425. Sasa 6 mara 0.4 mara 0.425 ni 1.02, yaani kama lita 1,000 kwa sekunde. Kwenye mto wenye mawe mengi na kina kifupi, 0.85 ni kubwa mno, tumia 0.7 au pungufu kidogo.

Baada ya hapo simika ubao wenye alama za sentimita mahali pasipoweza kung'olewa na mafuriko, kama kwenye nguzo ya daraja, kwa ruhusa ya wenye daraja. Ukishapima mtiririko mara kumi kwa viwango tofauti, ubao peke yake utakuambia lita ngapi zinapita. Andika kwenye daftari tarehe, saa, usomaji wa ubao, mvua kama imenyesha jana, na samaki uliowaona. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayohitajika kuliko zote.

Mamba je?

Usiingie Malagarasi au Ugalla kupima peke yako, wala alfajiri, wala jioni, wala mahali ambapo wenyeji hawaogi. Pima kwenye vijito vinavyoingia humo, au juu ya daraja kwa kamba yenye uzito. Mzee mmoja wa Ilagala alinifundisha nikae ukingoni robo saa nikiangalia maji kabla ya kulowesha mguu. Bado nakaa hiyo robo saa kila mara, daftari likiwa limefungwa.